Siku Injini Ilipoitwa Jina Langu

Wiki iliyopita, hapa hapa Maskati, nilimiminiwa limau mkononi. Nilikuwa nimeingia kwenye mkahawa wa Waturuki, mmoja katika ile mingi iliyofunguliwa mjini siku hizi, yenye mikate iliyovimba kwa mvuke na sinia za nyama ya kuchoma. Nilipomaliza kula, mama mwenye mkahawa alikuja na chupa ndefu ya kioo, akaniashiria nikinge viganja kama mtu anayepokea tende, akanimiminia. Hayakuwa maji ya limau ya kunywa. Yalikuwa manukato ya limau na spiriti, ambayo Waturuki humpa mgeni ajipake. Yanachoma kidogo penye mkwaruzo, halafu yanapoa, halafu pua nzima inafunguka. Nikasugua mikono, nikaipeleka usoni, na papo hapo nikawa na miaka kumi na mbili, nimesimama mbele ya kabati la bibi yangu nyumbani kwetu Sib, nanusa chupa tupu.

Mama yule akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia. Akaiweka chupa mezani taratibu, akanitazama kama mtu aliyesikia jina la shangazi yake likitoka kinywani mwa mgeni. Alichoniambia nitakifikia. Kwanza nataka mjue jina hilo lilivyonusurika, maana zilibaki siku tatu tu lifutwe, na kilicholiokoa ni sterta ya gari.

Jina langu kwenye karatasi ni Dondu. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila karani alilisoma alivyopenda: Dundu, Dandu, na mara moja Daudi. Mara hiyo ya Daudi nilipangwa kwenye foleni ya chanjo ya wavulana, na mama akalazimika kunitoa mbele ya watu kwa kunivuta mtandio. Sisi ni katika wale waliotoka Unguja, na nyumbani tulizungumza Kiswahili cha Unguja asubuhi mpaka jioni. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na Kiarabu cha dukani na Kiswahili cha pahala pengine pote. Sasa fikirini mtoto anayeitwa Dondu, na anakaa katika mtaa ambao nusu ya majirani wanajua donda ni nini.

Asiyejua Kiswahili hawezi kukuumiza kwa jina hilo. Ilitaka mtoto wa kwetu, aliyenyonya maneno yale yale, na mtoto huyo alikuwa Rahma, wa nyumba ya tatu kutoka yetu, mwenye nywele za mikia miwili na sauti ya kuuzia samaki. Rahma ndiye aliyeanza. Nikipita anashika mguu, anachechemea, anawaambia wenzake, "Jihadharini, donda ndugu hilo, halina dawa." Wasichana wa Kiarabu waliposhindwa kuelewa kwa nini wenzao wanacheka, Rahma akawatafsiria, tena kwa Kiarabu safi chenye qaf yake. Khalas. Skuli nzima ikajua. Kuna msichana mmoja mpole, hata hakuwa adui yangu, alikuwa akinionea huruma na kuniuliza kama linauma.

Nyumbani nilikuwa na hadithi moja tu ya kujitetea, nayo ilikuwa fupi. Wakati mama ananizaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mturuki aitwaye Bi Hatije, ambalo ndilo hilo hilo Khadija letu. Mumewe aliletwa kufunga mashine, na yeye kwao alikuwa mkunga. Ndiye aliyempokea mama, ndiye wa kwanza kulitaja jina, na bibi akalishika. Nilipokuwa na miaka miwili wakarudi kwao. Akatuachia chupa yake ya manukato ya limau, ambayo bibi aliitumia kwa matone mpaka ikaisha, kisha akaiweka kabatini ikiwa tupu, kati ya Msahafu na kanga zake mpya, na mara moja moja akiifungua kizibo kwa ajili ya harufu tu.

Nikimuuliza bibi maana ya jina, alikuwa na jibu lile lile siku zote.

"Maana siijui, mwanangu. Nnajua lilivyotajwa."

Jibu hilo lilinikasirisha sana. Nilitaka maana. Amina alikuwa na maana, Salma alikuwa na maana, hata paka wa Rahma alikuwa na maana. Mimi nilikuwa na namna jina lilivyotajwa.

Baba naye alichoka. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache anayependa kila kitu kikae kwenye kasha lake. Nilipofika mwaka wa sita wa skuli alisema jina litakaloingia kwenye cheti litanifuata mpaka kaburini, na yeye ameshauliza kila mtu anayemjua: Waarabu hawalijui, Waswahili wanalicheka. Akaleta nyumbani fomu ya kubadilisha jina. Akaiweka juu ya meza ya kulia, karibu na chombo cha pilipili, akatangaza kwamba Jumapili anaipeleka, na kuanzia siku hiyo nitaitwa Zuwena.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Zuwena nani?" akauliza.

"Huyu, mama."

"Huyu ana jina."

"Lina maana gani, mama? Niambie maana yake, mimi niichane hii karatasi sasa hivi."

Bibi akaendelea kuchambua mchele. Niliona mkono wake umeanza kutoa punje nzuri na kuziweka upande wa mawe.

Na mimi, wasomaji wangu, niwe mkweli: nilifurahi. Jioni ile nililiandika Zuwena katika ukurasa wa nyuma wa daftari mara thelathini, nikilipamba kwa mikia na nukta. Kesho yake Jumatano Rahma akalifungua daftari langu bila ruhusa, akausoma ukurasa ule kwa sauti, akafikiri kidogo, akasema, "Zuwena Donda. Si mbaya." Ndipo nikajua kwamba fomu ya baba haitanisaidia kitu. Jina nitalipoteza, na donda nitabaki nalo.

Siku hiyo hiyo mwalimu wetu wa Kiarabu, Mmisri mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye kama walimu wote wa kike wa Kimisri tulimwita Abla, alitupa kazi. Jumamosi, kila msichana atasimama mbele ya darasa aeleze jina lake limetoka wapi na lina maana gani. Wasichana wakapiga makofi, maana kazi ile ilikuwa rahisi kuliko sarufi. Rahma akageuka kutoka dawati la mbele, akanionyesha mguu wake, akachechemea kwa macho. Sijui mtu huchechemea vipi kwa macho, lakini yeye aliweza.

Wakati ule mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Alkhamisi asubuhi baba alinipakia kwenye pikapu yake kunipeleka Ruwi kupigwa picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Mama alinivisha mtandio mpya. Bibi hakutoka kutuaga, na hilo halikuwahi kutokea. Fomu yenyewe ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati la baba, na njia nzima niliiona ikichungulia.

Tulipokaribia mtaa wa Ghala baba alisimama kuninunulia sharubati ya embe, nadhani alitaka kunichangamsha. Aliporudi akazungusha ufunguo. Gari ikasema "tak." Akazungusha tena. "Tak." Baba, anayewasha pampu zilizolala miezi, alifungua boneti, akatazama, akapiga kitu kwa nyundo, akarudi. "Tak." Mwenye lori mmoja akatuvuta kwa kamba mpaka ndani ya Ghala, kwenye ile mitaa ya magereji yenye mchanga uliogeuka mweusi kwa mafuta, milio ya nyundo kila upande na harufu ya mpira unaoungua.

Gereji tuliyopelekwa ilikuwa ya fundi mzee mwenye masharubu meupe yaliyopakaa grisi kwenye ncha. Wafanyakazi wake, Wahindi wawili na Mbaluchi, walimwita Usta, yaani fundi mkuu. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokota, na sikujua ni mtu wa wapi. Akaniweka kwenye kiti kivulini, juu ya gunia safi ili nisichafuke, nami nikakaa na sharubati yangu, nimewapa mgongo, nikifikiria nitasema nini Jumamosi. Nilikuwa nimefikia kuomba homa.

Nyuma yangu niliwasikia wakihangaika. Usta alimweleza baba kwamba meno ya sterta yameng'ata na kukwama, na injini nzima imeshikwa. Lazima izungushwe kwa mkono mpaka iachie. Wakatia spana ndefu kwenye puli ya mbele. Wakavuta. Nikasikia baba akihema, Mbaluchi akisema bismillahi, chuma kikilia. Kimya. Wakavuta tena. Kisha pakatoka mlio mzito wa kitu kinachoachia, na yule mzee akapaza sauti kwa furaha:

"Döndü! Döndü!"

Nilifunzwa kwamba mtoto wa kike akiitwa na mkubwa haulizi "nini," wala haitiki "naam" kama mwanamume. Niliruka kutoka kwenye kiti, sharubati ikamwagika kwenye mtandio mpya, nikaitikia kama nilivyolelewa:

"Abee!"

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye injini. Akanitazama, akayashika masharubu yake, akacheka mpaka spana ikaanguka. Baadaye tulikuja kuelewa kwamba kwao "abi" ni kaka mkubwa, na yeye alikuwa na wajukuu saba. Akaniuliza kwa Kiarabu chake, yeye kaka yangu tangu lini?

"Umeniita," nikasema. "Dondu ni mimi."

Kicheko kikakatika. Akamgeukia baba. Baba, uso umejaa aibu na grisi, akaeleza kwamba ni kweli, ndilo jina la mtoto, lilitajwa na mkunga wa Kituruki, na leo tulikuwa njiani kwenda kulibadilisha kwa sababu hakuna anayejua ni neno gani.

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kusali. "Mimi Mturuki," akasema. Akanishika bega, akanipeleka mpaka mbele ya gari, akaielekeza ile puli kubwa iliyokuwa imegoma. Akaizungusha kwa spana. "Hii. Ilikataa. Sasa, döndü." Akakilaza kiganja chake juu chini, akakigeuza. "Döndü." Alitaka kuwa na hakika kwamba nimeelewa, kwa hiyo akatoka nje ya gereji, akatembea mpaka kwenye duka la matairi upande wa pili wa barabara, na mzee mzima yule akageuka, akarudi mbio mbio huku ananinyooshea mikono kama mtu aliyetoka safari. "Döndü!"

Amegeuka. Amerudi. Kwao ni neno moja.

Baba alisimama, mkono kwenye mfuko wa shati. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kulitia lile neno kinywani. Usta akanirekebisha: midomo ichomoze, kama mtu anayepuliza chai. Akang'oa kipande cha boksi la vipuri, akaandika jina kwa kalamu ya kuwekea alama, akatia nukta mbili juu ya herufi moja na mbili juu ya nyingine. Alisema bila nukta hizo mimi si mtu wake. Baba akamweleza pia habari ya Abla na kazi ya Jumamosi, na mzee akashangaa tena. "Abla? Dada yake mkubwa?" Si dada yake, baba akasema, mwalimu wa skuli, tunawaita hivyo. Usta akapiga paja. Neno hilo nalo ni letu, akasema. Abi kaka mkubwa, abla dada mkubwa. Nikaliweka neno lile mahali pake kichwani, kimya kimya, kama mtu anayetia jiwe mfukoni.

Gari iliwaka. Ruwi hatukwenda. Baba aligeuza usukani kuelekea Sib bila kueleza chochote, na mimi nikajifunza siku hiyo kutomuuliza mtu swali ambalo jibu lake liko barabarani.

Bibi alikuwa uani, anaanika pilipili. Niliingia nikipaza sauti, nikamwonyesha kiganja, nikakigeuza, nikakimbia mpaka kwenye lango nikarudi, kila kitu kama Usta alivyofanya. Sikumaliza. Bibi alikaa chini pale pale kwenye sakafu, ungo mapajani.

"Lahaula," akasema. "Kumbe ndo alichokuwa akisema."

Ndipo akatoa hadithi nzima. Alikuwa ameishika miaka kumi na mbili kwa sababu mambo ya uzazi hayasimuliwi mbele ya watoto, wala mbele ya wanaume. Siku niliyozaliwa ilinyesha mvua kubwa. Wadi, lile bonde la mto mkavu, ilishuka, maji mekundu yakafunga barabara pande zote mbili, hospitali ikawa haifikiki. Baba alikuwa Qurayyat kutengeneza pampu. Na mimi nilikuwa nimelala kombo tumboni, ubavu ndio uliotangulia, na mama nguvu zilikuwa zinamwisha. Bibi aligonga ukuta kwa mchi. Bi Hatije akaja kwa kuruka dimbwi, mikono imekwisha kukunjwa.

"Hana Kiarabu, hana Kiswahili," bibi akasema. "Ananambia 'sabun,' nnampa sabuni. Ananambia 'dakika, dakika,' nnangoja dakika. Nikaona ah, kumbe Kituruki nnakijua. Kisha akapaka mafuta, akaweka mikono juu ya tumbo la mamaako, huyu huku, huyu huku, na jasho linamtoka. Anasukuma, anatulia. Anasukuma, anatulia. Mimi nimeshasoma kila nnachokijua. Mara uso wake ukafunguka kama jua. Akapiga ukelele, 'Döndü! Döndü! Döndü!' mara tatu, na machozi yanamtoka. Saa hiyo hujazaliwa bado. Mie nikasema huyu keshakuita jina, na jina lililotajwa kwa furaha kama ile sitoliacha lipotee. Robo saa, ukatoka kwa kichwa kama watu."

Hivyo ndivyo nilivyopata jina. Bi Hatije hakuwa akinipa jina. Alikuwa akitoa habari. Na bibi yangu, kwa kukosa Kituruki, aliipokea habari ile akaiandikisha.

Baba alikuwa amesimama mlangoni kwa muda wote huo, na hakuna aliyemwona. Hakuwa anajua. Yeye alifika kesho yake maji yalipopungua, akakuta mtoto amefungwa nguo, chai iko tayari, akaambiwa mambo yalikwenda salama. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake, akaitoa ile fomu mfukoni, akaikunjua, akaigeuza upande usioandikwa. Akanikabidhi mimi.

"Andika hapa utakayosema Jumamosi," akasema. "Karatasi nzuri hii, nzito."

Jumamosi nilisimama wa kumi na tisa. Kabla yangu walipita akina Amina waaminifu na akina Salma wenye salama, na Rahma akaeleza kwa madaha kwamba yeye ni rehema kwa walimwengu wote wa mtaa wetu. Abla akasema, "Na wewe, Dondu?" Nikasikia mbele yangu mguu ukiburutwa chini ya dawati. Nikatembea mpaka ubaoni na fomu yangu mkononi. Kwanza niliandika jina kwa chaki, na nukta zake nne. Kisha nikasoma.

Nilisema jina langu ni neno la Kituruki, na maana yake ni amegeuka, na maana yake ni amerudi. Nikasema nilikuwa nimelala vibaya tumboni siku wadi imeshuka, na mwanamke mgeni aliyekuwa mbali na kwao kuliko sisi sote alinigeuza kwa mikono yake. Nikasema hilo lilikuwa neno la kwanza kusemwa juu yangu duniani. Nilikuwa nakunja karatasi nilipomsikia Rahma, kwa sauti yake ile ya sokoni:

"Nani hapa anajua Kituruki, Abla? Anaweza kusema lolote."

Jamani. Nimesafiri sana tangu siku ile, nimebishana na watu wa uhamiaji na wenye nyumba na madereva wa kila namna, na sijawahi tena kupata swali lililokuja kwa wakati wake kama lile.

"Sote tunakijua," nikamwambia. "Tunakisema kila siku. Wewe umekisema sasa hivi. Abla ni Kituruki. Maana yake dada mkubwa."

Wasichana wote wakamgeukia mwalimu. Abla alivua miwani yake, akabaki ameishika inaning'inia kwa kamba. Akasema ni kweli. Kwao Misri neno hilo liliachwa na Waturuki zamani, bibi yake mwenyewe alimwambia, na yeye amelisahau kabisa kwa kuitwa hivyo kila siku. Akacheka, mabega yanatikisika, akaja ubaoni akazipigia mstari nukta zangu nne. Kisha akaliamrisha darasa zima litamke jina langu sawasawa. Nikawafundisha: midomo ichomoze, kama mnapuliza chai. Wasichana thelathini na wanane wakachomoza midomo na kusema kwa pamoja, "Döndü." Mbele kabisa, midomo ya Rahma ilikuwa imechomoza kuliko ya wote, maana hakutaka kushindwa katika jambo lolote.

Wiki ile ile alijaribu kuniita "Geuka." Kila akiniita, nilijizungusha duara zima nikamwinamia. Baada ya siku tatu wenzetu wote walikuwa wanajizungusha, na Rahma mwenyewe akizunguka zaidi ya wote. Mpaka leo hunipigia simu popote nilipo kuniuliza nimegeukia wapi tena.

Na nimegeukia kwingi. Skuli niliishia sekondari, na tangu hapo sijakaa. Nimeuza vitambaa Dubai, nimefanya kazi hotelini Doha, nimekaa Mombasa mwaka na nusu bila sababu inayoelezeka, na Unguja nimekwenda mara tano, mara zote nikiitafuta nyumba ya bibi kwa maelezo yake ya miaka ya zamani, na mara zote nikiikuta imegeuzwa kitu kingine. Bibi mwenyewe hakurudi huko hata siku moja. Alikuwa akinisubiri Sib. Nikigonga lango na mabegi yangu, alikuwa akifungua, ananitazama juu mpaka chini, kisha anageuka kuwaambia waliomo ndani neno moja tu: "Karudi." Nilidhani ni habari. Miaka mingi baada ya yeye kufariki, niko peke yangu kituo cha basi Mombasa nangoja gari lililochelewa, ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akiniita jina langu. Alikuwa ameshalitafsiri, na alikuwa akilitaja kila ninapolistahili.

Sasa nirudi kwa mama wa mkahawani, maana nimewaahidi. Aliketi mbele yangu, akashusha sauti. Akaniambia kwao jina hilo ni la vijijini, la kizamani, na anaona haya kunieleza: watu walimpa msichana pale nyumba ilipochoka na wasichana, ili bahati igeuke, anayefuata awe mvulana. Akanitazama kwa huruma, kama yule msichana mpole wa skuli, akauliza kama mvulana alikuja.

"Mimi ndiye wa kwanza," nikamwambia. "Nyuma yangu walikuja wasichana wanne."

Akanikodolea macho, kisha tukacheka sote wawili mpaka wateja wakageuka. Nikamhadithia wadi, na sabuni, na dakika, na mikono ya Bi Hatije. Nilipofika pale bibi anapolishika neno kama jina, aliacha kucheka. Akachukua chupa yake akanimiminia tena, safari hii mpaka yakanichuruzika kwenye viwiko, akasema hao wa kwao walilitia jina lile ombi, lakini mimi nililipata lilipokuwa limekwisha kujibiwa.

Zamani nilidhani nilishinda siku ile ubaoni kwa sababu nilipata maana. Maana niliipata gereji, na ilikuwa nzuri. Lakini bibi alilishika jina miaka kumi na mbili bila maana yoyote, mbele ya makarani, mbele ya mwanawe, mbele ya mtaa unaocheka, kwa sababu alikuwepo na alisikia lilivyotajwa. Alikuwa ananijibu kweli kila nilipomuuliza, na mimi nilikuwa naona ananinyima.

Nilifika Sib alasiri ile ile. Mama ndiye anayefungua lango siku hizi, naye ni mzee sasa, hufungua polepole. Nilimpa mkono, akaunusa, akafumba macho. Ilikuwa harufu ya Bi Hatije. Akageuka akaita kuelekea ndani, walikokaa wadogo zangu wote wanne na chai:

"Karudi."

"Abee," nikaitikia.